Nani Amwogeshe Baba?

Jumamosi, alasiri. Likombe.

Shajara yangu, kusi limevuma tangu asubuhi na baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mashuka. Majirani wanapuliza salfa kwenye mikorosho yao, kwa hiyo kila nguo ninayoanua naikung'uta kwanza. Kwenye kamba sasa hivi kuna shati jeupe, msuli wa bluu na taulo. Vyote ni vya baba. Nimekaa kwenye cherehani yangu barazani lakini sishoni. Naangalia tu hizo nguo zinavyopepea.

Nguo za mtu aliyeoga.

Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi limeninyima usingizi wiki nzima.

Mnaonisoma hapa mnajua kwamba mama yangu alitangulia mwaka jana. Baada ya mazishi baba alibaki kijijini Ziwani, kwenye nyumba yao, akisema bado ana nguvu. Halafu kiharusi kikamkamata upande wa kushoto. Mkono hauinuki, mguu unaburuta. Mume wangu na mimi tukamfuata, tukamleta hapa kwetu. Upendo, binti yetu mdogo, akahamia sebuleni ili babu yake apate chumba.

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi, na sababu yenyewe naijua.

Sisi Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama. Baba alikuwepo nyumbani, alinibeba begani, alinifundisha kufanya ishara ya msalaba. Lakini aliyeamua nisome mpaka darasa la saba ni mjomba, kaka yake mama. Aliyekaa kiti cha mbele siku ya posa yangu ni mjomba. Baba alikaa pembeni kwenye mkeka, kama mgeni aliyekuja kula pilau. Na yeye vilevile alikuwa na watoto wake kwa desturi, watoto wa dada yake. Hao ndio warithi wa mikorosho yake, hao ndio wa kumzika. Mkubwa wao ni kaka Fulgensi, mtoto wa shangazi, mtu mpole tu anayekaa hukohuko Ziwani.

Basi baba alipoingia kwangu na kibegi chake na rozari yake, nilijiambia: sasa na mimi nina baba. Kanisani tumefundishwa tangu utoto, amri ya nne, waheshimu baba na mama. Haikusema mheshimu mjomba.

Mume wangu hapo hunirekebisha. Yeye ni Mwanglikana, Mmakua wa Masasi, na kwao amri hiyo wanaihesabu ya tano. Tumebishana hivyo tangu uchumba. Upendo anasema tuijumlishe iwe ya tisa kisha tugawane.

Lakini kumheshimu baba kwa mdomo ni kitu kimoja. Baba alikuwa hawezi kuoga mwenyewe.

Siku ya kwanza alisema amechoka na safari. Siku iliyofuata, baridi. Halafu akasema amejifuta kwa kitambaa, inatosha. Nikaona kwamba anajifuta kweli, lakini kwa mkono mmoja, na mkono mmoja haufiki mgongoni wala chini. Ile harufu ikaanza. Upendo ni mjukuu, kwetu mjukuu na babu yake wanataniana mpaka mwisho, basi akamtania: "Mume wangu, leo umenukia kama beberu, unataka kuniongezea mke mwenza?" Baba akacheka. Ila hakuoga.

Nifanyeje? Watoto wa kiume sina. Mungu kanipa mabinti wawili, mkubwa ameolewa Lindi. Na utani wa Upendo unaishia mdomoni, msichana hawezi kumvua babu yake. Mume wangu ni mkwe. Mkwe! Miaka yote hii hajawahi kula sahani moja na baba. Akimsalimia hupiga goti nusu na kuangalia chini. Baba akitoka chumbani bila shati, mume wangu hugeuka kuangalia ukuta. Hiyo ndiyo heshima waliyolelewa nayo wote wawili, na hata mimi naipenda.

Nikabaki mimi.

Jumatano nilichemsha maji, nikayapooza, nikaweka kiti cha plastiki bafuni. Nikamwambia, "Baba, njoo, nitakuogesha taratibu, nitafumba macho." Alinyanyuka, nikadhani amekubali. Nilipogusa kifungo cha kwanza cha shati aliusukuma mkono wangu.

"Toka!"

Baba yangu hajawahi kunipandishia sauti. Hata nilipomvunjia redio yake nikiwa mdogo alisema tu pole. Nilitoka. Maji yakapoa mle ndani, nikaenda kuyamwagia mchicha.

Jioni yake Upendo akanijia na uso wa kutaka kulia. Babu ameomba simu yake, amempigia kaka Fulgensi. Amemwambia aje Jumamosi amchukue.

Sitaki kudanganya hapa. Nilichosikia moyoni hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira, na chini yake kitu kibaya zaidi. Nikasema, kumbe ni kweli. Damu ya kwao imemwita. Mimi ni mtoto wa mke wake tu, amekaa kwangu siku chache ameona si kwao. Anaona afadhali wapwa.

Alhamisi kwenye jumuiya tulisali nyumbani kwa Mama Konrad, na somo, kama lilinifuata, likawa wazazi na watoto. Mwenyekiti akatukumbusha kwamba mtume hakuishia kwa watoto. Alipomaliza kuwaambia watii akawageukia na wazazi, akawaambia wasiwatie watoto uchungu. Akina mama wakaitikia kwa kicheko, kila mmoja akikumbuka fimbo zake. Mimi nilijiuliza, na huyu wa kwangu anayenitia uchungu nikiwa na mvi, amesahau hilo fungu? Maana baba si mtu wa hivihivi. Baba alikuwa katekista. Nusu ya watu wazima wa kule kijijini yeye ndiye aliyewafundisha komunyo ya kwanza.

Tulipotoka Mama Konrad alinishika kiwiko. "Mzee mwache aende. Wanaume wa Kimakonde wanarudi kwao kufa, ndivyo walivyo. Usijitie ugonjwa."

Alisema kwa wema. Ilinikata.

Jana Ijumaa ndipo nilipomuuliza. Sikuwa na ujasiri wa kumwangalia, basi nilikaa kizingitini, nimempa mgongo, nachambua mchele kwenye ungo. Yeye kitandani nyuma yangu. Nilisikia rozari inavyogongana.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini unanikimbia? Kwa Fulgensi kuna nini ambacho hapa hakuna?"

Akaniuliza, kwa sauti ileile ya darasa la dini, "Watoto wa Nuhu walikuwa wangapi?"

Nikajibu kama mtoto. "Watatu. Shemu, Hamu na Yafethi."

"Hamu alifanya nini?"

Nikaacha kuchambua. Hadithi naijua. Nuhu alilewa akalala uchi hemani, Hamu akamwona, akatoka kwenda kuwaambia wenzake. Wale wawili wakachukua nguo, wakaingia kinyumenyume ili wasione, wakamfunika baba yao.

"Na laana ikampata nani?" baba akauliza.

"Hamu."

"Hapana. Rudia."

Nikafikiri. Nikakumbuka. Laana haikutajwa kwa Hamu. Ilitajwa kwa Kanaani. Mtoto wake.

"Ingekuwa inaishia kwako," alisema baba, "labda ningejikaza, ningesema Mungu ataelewa, mwanangu ana nia njema. Lakini inaruka, inashuka kwa mtoto. Wewe mtoto wako nani?"

Upendo alikuwa uani anaosha vyombo, anaimba.

"Mimi nilikuwa baba wa pembeni," akasema. "Ndiyo desturi yetu, sikuipinga. Mjomba wako alikupa shule, akakupa mume. Mimi nilibakiwa na kidogo sana cha kukupa. Sasa na uzee huu nikupe laana? Fulgensi ataniogesha, yeye ni mwanaume, na mimi kwake ni mjomba si baba. Mwache anichukue, mama."

Aliniita mama. Kwetu baba akimwita binti yake mama, amefika mwisho wa maneno yake.

Kumbe "toka" ile ilikuwa ya mtu anayemwondoa mtoto kwenye moto.

Nililia bila kugeuka. Machozi yaliingia kwenye mchele na leo tumeula, Mungu anisamehe.

Kama ndivyo Maandiko yanavyotaka tuyaelewe, sijui. Padri pengine angenielezea vingine, kwamba mtoto anayemtunza mgonjwa hawezi kulinganishwa na Hamu. Mimi elimu yangu ni ndogo. Lakini baba yangu aliamini hivyo, na sikuwa na haki ya kumvua imani yake ili nimvue na shati.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini, kwenye kitalu cha miche ya korosho kule Naliendele, nilimwandalia ugali wa muhogo na kisamvu, nikamsimulia yote. Alikula taratibu. Yeye akiwa anawaza hutafuna pole sana, unaweza kudhani jino linamuuma. Kisha akaniuliza swali la ajabu.

"Mimi na baba ni nani kwa nani?"

"Mkwe na mkwe."

"Hiyo ni kwa sababu yako. Kabla yako?"

Sikumwelewa.

"Mimi kabila gani, Mama Upendo?"

"Mmakua. Baba Upendo, usinichanganye, nina mawazo."

Akaanza kucheka peke yake, akanawa mkono. "Unajua tatizo la Nuhu? Kwenye safina alipakia kila mnyama, akasahau kupakia mtani."

Ndipo nilipomwelewa, na nikaogopa. Wamakonde na Wamakua ni watani tangu zamani za mababu. Mtani hana kosa. Mtani anaingia msibani analala kaburini mpaka apewe chochote ndipo atoke. Mtani anakutukana mbele ya wazazi wako nawe unacheka. Hakuna uchi mbele ya mtani. Lakini huyu mtani alishanioa, na alipooa aliuweka utani wote chini akavaa ukwe, na kwa miaka yote hajauvua. Je, baba asipokubali? Itakuwa mume wangu amemtukana baba mkwe wake, basi. Hakuna maji ya kuosha jambo kama hilo.

"Kesho asubuhi," akasema, "usinijue."

Leo asubuhi nilichemsha maji mimi mwenyewe. Nilipoyabeba nikamwaga nusu. Mume wangu alivaa kaptura ya kazini, akajitupia taulo begani, mkono mmoja ndoo, mwingine dodoki na kipande cha sabuni. Alikwenda mpaka mlangoni kwa baba. Hakubisha hodi. Aliupiga mlango kwa mguu.

"We Mmakonde! Bado umelala? Nimeambiwa humu ndani kuna mzoga, nimekuja kuuzika kabla kunguru hawajaja!"

Upendo aliangusha kikombe.

Ndani, kimya.

Kimya kile, shajara yangu, kilikuwa kirefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu. Niliona miaka yote ya goti nusu na macho chini inavunjika pale mlangoni. Niliona Fulgensi anafika na kumkuta baba anatetemeka kwa hasira. Nilitaka kwenda kuomba msamaha kwa niaba ya kila mtu.

Mume wangu naye sauti ilimpungua kidogo, nilisikia. Lakini akaendelea. "Nyie watu mnashangaza! Gogo la mpingo mnalichonga mpaka linafanana na mtu, halafu mtu mwenyewe mnamwacha anakauka kama gogo!"

Ndipo ikaja sauti ya baba. Mwanzoni niliisikia kama kikohozi.

"Ni Mmakua gani huyo anayenipigia kelele?"

"Mmakua wa Masasi, mzee. Mwenye watu wake."

"Masasi," baba akasema. "Nasikia siku hizi panya wa Masasi wote wamehamia kwetu Newala. Wanawakimbia nyinyi, mmewamaliza kwa kula."

Nilikaa chini palepale kwenye ngazi.

"Tumewafuata hukohuko, tukakuta mmeshawatia chumvi! Haya simama, sina siku nzima ya kuosha Mmakonde. Hili dodoki nikimaliza nalitupa, hata nguruwe halimfai."

"Usinishike hivyo, mimi si mche wa korosho!"

"Mche wa korosho una shukrani. Unaumwagilia, unachipua. Wewe utachipua nini?"

"Ngoja mkono huu upone, Mmakua. Nitakuchonga."

"Nichonge vizuri basi, nipunguzie pua."

Walipita mbele yangu kwenda bafuni, baba amemwegemea, mguu unaburuta, msuli ameushika mwenyewe. Hakuniangalia. Nami nikageuza uso ukutani kama Shemu na Yafethi. Kisha nikasikia maji, na baba akilalamika ni ya moto, na mume wangu akimwambia Mmakonde haungui, ngozi yake gome. Na baba akicheka. Kicheko cha kweli, kile alichokuwa akikicheka na mama jikoni, nami nilikuwa sijakisikia tangu tulipomzika.

Upendo alikuja akakaa pembeni yangu. Alikuwa anatafuna ncha ya khanga asicheke kwa sauti.

Baba alipotoka, mume wangu alikuwa amempaka mafuta ya nazi mpaka kichwani. Shati jeupe la pili, lile la kwenda kanisani. Akamkalisha barazani juani. Halafu, na hili ndilo lililonimaliza, alirudi nyuma hatua chache, akashusha macho, akapiga lile goti lake nusu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," baba akajibu, kwa heshima zote, kama vile hawajaonana leo.

Utani ukaishia bafuni. Ukwe ukarudi barazani.

Kaka Fulgensi alifika kabla ya mchana na bajaji aliyoikodi kutoka mjini. Nilimkaribisha, roho juu. Maana kuoga siku moja si kubaki. Aliingia, akamsalimia baba, "Mjomba, shikamoo," akaangalia huku na huku akitafuta kibegi.

"Mjomba, tujiandae. Mwenye bajaji ana haraka."

Baba aliangalia barabara, lile vumbi jekundu linavyoinuka na upepo. "Nimeshaoga, Fulgensi," akasema. "Mtu akishaoga namna hii haendi kwenye vumbi."

Fulgensi hakucheka. Uso ulimshuka, na nikamwonea huruma, maana na yeye ana heshima yake ya kulinda. "Mjomba, watu watasema wapwa zako tumekutupa. Kwamba tunasubiri mikorosho tu."

"Mikorosho ni yenu," baba akamwambia. "Hilo halibadiliki, na kunizika mtanizika nyinyi. Msimu ukianza uje unichukue nikaione inavyozaa, nitalala kwako hata wiki. Lakini uchi wangu una mwenyewe. Umechukuliwa na Mmakua."

Mume wangu alikuwa anaangalia chini, mkwe safi kabisa, ila mabega yalikuwa yanamtikisika.

Fulgensi naye ikambidi acheke. Akamruhusu mwenye bajaji aondoke, akavua viatu, akala na sisi. Ni ule mchele wangu wa machozi. Akausifu.

Sasa wamelala wote wawili, baba chumbani, Fulgensi mkekani. Mume wangu amepita hapa na kikombe chake cha chai, akaniambia bila kusimama, "Amri ya tano hiyo, Mama Upendo."

"Ya nne," nikamjibu.

Nimewaza sana kuhusu amri hiyo leo. Nilikuwa naisoma upande mmoja, upande wangu, mimi nimpe baba nini. Sikujua kwamba wiki nzima, ndani ya harufu ile, baba alikuwa bado anafanya kazi ya mzazi. Alikuwa radhi aondoke nimchukie, ilimradi Upendo abaki salama. Je, mimi ningeweza? Mimi ambaye nikifanya wema hata wa kikombe cha uji natamani mtu auone?

Na kuna jambo lilinizuia kuandika. Kosa la Hamu, nikilitazama vizuri, halikuwa kuona tu. Alitoka nje akatangaza. Na mimi hapa ninafanya nini, kwenye ukurasa ambao hata watu wa Dar wanausoma? Nilitaka kuifuta habari yote. Baadaye nikaenda kumuuliza mwenyewe, kabla hajasinzia. Nikamweleza kwamba Upendo alinifungulia ukurasa, kwamba naandika mambo ya nyumbani, kwamba ya leo nayatamani lakini naogopa.

Alikuwa ameshafumba macho.

"Andika," akasema. "Lakini andika kwamba yule Mmakua nilimshinda."

Basi nimeandika. Baba alimshinda.

Shati limekauka, naenda kulianua. Kesho ni Dominika, maji nitayabandika mapema, na nitakaa mbali na bafu, kwenye ngazi yangu ileile, nisikie nani atashinda.